Sekunde Mbili

Karani wa dirisha namba nne aliichukua kadi ya mama kwa ncha za vidole, akaichomeka kwenye kifaa, akaitazama skrini, kisha akaisukuma irudi ilikotoka kupitia tundu la kioo. Yote hayo yalikwisha kabla mama hajapata pa kuiegemeza fimbo yake.

"Imefungwa," akasema.

"Imefungwa na nani?" aliuliza mkwe wa mama, fundi cherehani, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni maana alitoka nyumbani mbio. "Alhamisi iliyopita amesafishwa damu hapa hapa. Wewe mwenyewe ndiye uliyempitisha."

"Alhamisi ni Alhamisi, leo ni Jumatatu. Mashine inasema hajahakikiwa."

"Amehakikiwa! Amepigwa picha, ameweka kidole gumba, karatasi hii hapa ina muhuri."

"Dada, mimi sisomi karatasi. Mimi nasoma skrini."

"Basi tulipe taslimu, aingie."

"Kitengo cha figo hakipokei taslimu. Bila kadi hakuna kitanda. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa mzee mrefu aliyekonda, mwenye redio ndogo ya betri iliyoning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Kila Jumatatu na kila Alhamisi alilala kitanda cha jirani na mama, saa nne nzima, damu zao zikizunguka kwenye mipira, wao wakibishana kuhusu sauti ya redio. Kadi yake nayo ilirudishwa. Hakushangaa. Alijikokota hadi kwenye benchi alikoketi mama.

"Bibi harusi, na wewe wamekukataa?"

"Wamenikataa, mchumba."

"Karibu. Mimi hii ni mara ya tatu. Naambiwa mtambo umeshatengenezwa, nivute subira. Sasa navuta subira na maji pamoja. Tazama." Alipandisha suruali, akaubonyeza mguu kwa kidole. Kidole kilipoondoka kiliacha shimo, na shimo lile halikujaa. Mama alicheka, kisha akaacha kucheka.

Mkwe alirudi dirishani. "Kaka, nisikilize. Mume wangu anafanya kazi makao makuu, kwenye mtambo huo huo unaokupa hayo majibu."

Karani aliitazama tepu shingoni mwake, akaitazama tena, akatabasamu.

"Basi mwambie auambie. Sogea kidogo, dada, unaziba watu."

Kwenye foleni mtu alicheka. Si kicheko kikubwa, lakini kilimfuata yule mwanamke mpaka nje ya lango.

Ofisini mumewe aliitwa Sekunde, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Alilipata kwa kazi. Mtambo mkuu wa bima ya matibabu ulikuwa na maelfu ya programu zilizowekwa kwenye diski, katika mafungu yanayoitwa maktaba. Zamani, kila dirisha la hospitali lilipouliza habari ya kadi, mtambo ulikwenda diskini, ukaitafuta programu kwenye faharasa, ukaitoa, ndipo ukajibu. Sekunde kumi na moja. Ukizidisha kwa wagonjwa wa nchi nzima, ni foleni inayotoka nje ya lango. Ikaletwa programu ya kusimamia kasi ya maktaba, na yeye akapewa kuipangia vigezo. Aliandika orodha: maktaba zipi ziwekwe kwenye kumbukumbu ya mtambo ili programu zake zitoke hapo hapo, zipewe nafasi kiasi gani, na kila baada ya dakika ngapi mtambo urudi diskini kuangalia kama kuna kilichobadilika. Majibu yakaanza kutoka kwa sekunde mbili. Mkurugenzi alileta wageni, wakasimama nyuma yake wameshika saa, wakapiga makofi. Akapewa cheti chenye fremu ya dhahabu ya plastiki. Sebuleni kilitundikwa juu ya cherehani, kwenye msumari uliokuwa wa picha ya harusi.

"Kadi ya mama imefungwa," mkewe alimwambia jioni ile, mguu ukiwa bado kwenye kanyagio.

"Haiwezekani."

"Haiwezekani, lakini imefungwa."

Alivua viatu taratibu, kama mtu anayejiandaa kumfundisha mtoto. "Sikiliza. Kulikuwa na kasoro, sikatai. Waliovuka miaka sabini, ukifika mwezi wao wa kuzaliwa, programu ya uhakiki ilikuwa inawafungia kadi hata kama wamehakikiwa. Miwani akairekebisha. Wiki tatu sasa. Programu mpya nimeiona maktabani kwa macho yangu, na tarehe yake."

Miwani alikuwa binti mwandishi wa programu, wa mkataba, mwenye vioo vizito usoni na meza iliyo karibu na choo.

"Karani anasema mama hajahakikiwa."

"Wale makarani hata kuchomeka kadi hawajui. Uliipanguza?"

"Niliifanya nini?"

"Ile kadi. Ikiwa na vumbi haisomeki."

Cherehani ilinyamaza. "Mume wangu, nimeipanguza. Nimeipanguza kwa upindo wa gauni langu mbele ya watu arobaini, kisha nikaambiwa naziba watu."

"Usinipigie kelele."

"Sijapiga kelele. Ukisikia kelele zangu utajua."

"Msigombane," mama alisema kutoka chumbani, mlango ukiwa wazi. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu anayejua kwamba chumba cha pili kuna cheti chenye jina la mwanawe. "Alhamisi tutarudi. Mwanangu ameshasema imetengenezwa. Akisema, amesema."

Alhamisi viatu vya mama vilikataa kuingia. Alikwenda hospitali amevaa ndala za mwanawe, na hata hizo zilimkaba.

Karani alikuwa yule yule, skrini ile ile, neno lile lile. Safari hii mama hakuweza kusimama, akakaa sakafuni chini ya dirisha, mgongo ukutani, akihema kwa mafungu. Mlinzi alikuja akawaomba wakae nje, kwa sababu njia ile ni ya machela.

"Machela ya nani?" mkwe alimuuliza. "Si ya wagonjwa? Huyu unamuona ni nani, mgeni rasmi?"

"Mama mkwe wako namwonea huruma, dada. Lakini mimi nina bosi."

Walipokuwa kwenye ngazi za nje, alipita mwanamke wa makamo, kadi mkononi, redio ndogo ikining'inia begani kwa kamba ya kiatu. Mama aliitambua redio kabla ya kumtambua mtu.

"Yuko wapi mwenyewe?"

"Baba hawezi kukaa tena, bibi. Kanituma na kadi. Alisema nije na redio ili mkinikuta mniamini."

"Mwambie aifungulie mpaka mwisho," mama alisema. "Leo sitamgombeza."

Mkwe alimpigia mumewe simu. Alikuwa kwenye kikao, alinong'ona. "Nimekwambia imerekebishwa. Wiki tatu zilizopita. Hayo wanayolalamika ni ya zamani, yanachelewa kufika. Waambie wajaribu dirisha jingine."

"Unasikia anavyohema?"

"Nasikia. Jaribu dirisha jingine."

Alijaribu la tano, la sita na la saba. Kila moja lilimjibu kwa sekunde mbili.

Ijumaa asubuhi Sekunde alikuwa ukingoni mwa kitanda cha mama, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Uso wa mama ulikuwa umejaa, macho yamekuwa mistari. Hata hivyo aliamka na saa yake, akafungua kopo la dawa, akamimina vidonge viwili kiganjani.

Mkwe alimshika mkono. "Mama! Kimoja. Daktari alibadilisha tangu mwezi jana. Karatasi mpya nimekubandikia hapa ukutani, usoni kwako, na husomi."

"Ya nini niisome? Naijua kichwani."

"Unayoijua ni ile ya zamani, mama."

"Kichwani kuna haraka zaidi."

Kiatu kilimtoka Sekunde mkononi. Hakuinama kukiokota. Aliitazama karatasi ukutani, mpya, safi, yenye maandishi makubwa, kisha akautazama mkono wa mama, ambao tangu mwezi jana ulikuwa unafuata ya zamani bila kuuliza.

"Unaumwa?" mkewe alimuuliza.

Alitoka na kiatu kimoja, akarudi akachukua cha pili, akakivaa barabarani.

Ofisini, orodha ilikuwa pale alipoiacha. Alishuka nayo kwenye skrini, maktaba moja baada ya nyingine, kila moja na idadi ya dakika mbele yake: thelathini, thelathini, sitini. Kwenye maktaba ya matibabu kulikuwa na sifuri.

Sifuri maana yake usirudi kuangalia kamwe.

Aliikumbuka siku yenyewe. Wageni walikuwa wamefika getini, majibu yalikuwa yanacheza kwenye sekunde tatu, na Mkurugenzi alishawaahidi mbili. Akaiandika ile sifuri ili mtambo usipoteze muda kwenda diskini. Jioni angeirudisha thelathini. Jioni kulikuwa na soda na picha za pamoja. Tangu siku ile, kwa kuwa mtambo ule hauzimwi usiku wala mchana, programu ya uhakiki ilikuwa inatoka kwenye kumbukumbu, ile ile ya kwanza, yenye kasoro. Miwani aliiweka mpya maktabani, kila mtu akaenda akaiona, akaridhika. Mtambo peke yake haukwenda kuiona. Yeye ndiye aliyeukataza.

Na aliambiwa. Wiki mbili nyuma, Miwani alikuja mezani pake na karatasi ya malalamiko. "Kaka, samahani, hebu angalia orodha yako. Naona kama mtambo haujaipata programu yangu." Naye akamjibu kwa sauti ya kusikika chumba kizima: "Dada, orodha yangu ina cheti. Yako ina nini?" Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Alifuta sifuri, akaandika thelathini. Akatoa amri ya mstari mmoja, mtambo ukasome maktaba upya. Haikuchukua muda wa mtu kupiga chafya. Akaingiza namba ya kadi ya mama. *Wazi*. Akauliza mtambo ni kadi ngapi zilizofungwa kimakosa tangu siku ya marekebisho. Ukamjibu kwa haraka aliyoifundisha mwenyewe: mia moja sitini na tatu.

Mkuu wa kitengo alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuna anayejua tangu lini.

"Nani mwingine ameona hii?"

"Mimi tu, Mkuu."

"Funga hiyo skrini. Saa nane natakiwa na ripoti. Andika hivi: programu ya uhakiki haikurekebishwa ipasavyo mara ya kwanza, sasa imerekebishwa."

"Si kweli, Mkuu."

"Kweli gani unayoitaka wewe? Mkurugenzi amesimama mbele ya wageni akawaonyesha orodha yako. Picha ipo ukumbini. Ukiandika kweli yako, Jumatatu huna kazi." Mkuu alivuta kiti, akakaa, akapunguza sauti kama mtu wa nyumbani. "Mama yako anatibiwa kwa kadi ya nani?"

"Yangu. Ni tegemezi wangu."

"Basi. Siku unayoondoka, kadi inaondoka. Hiyo wala haihitaji kasoro ya mtambo."

"Na Miwani?"

"Mkataba wake unaisha mwezi huu. Hatutauongeza, basi. Hatumfukuzi, hatumshitaki. Msichana mdogo, ana kichwa, atapata pengine. Mama yako atapata pengine?"

Sekunde aliandika. Mkono uliandika vizuri, herufi zikakaa kwenye mstari, jina lote na tarehe. Huo ndio unyonge aliotengenezewa, nao aliuvaa ukamkaa sawasawa kama nguo iliyopimwa.

Saa tisa alasiri mama alikuwa kitandani, sindano mbili mkononi, mashine ikivuma pembeni yake kama jokofu kuukuu. Karani alikuwa amempitisha bila kusema neno, wala hakuomba radhi. Angeomba ya nini? Skrini ilisema wazi.

Kitanda cha jirani kilikuwa kimetandikwa shuka safi.

"Mchumba wangu hajaja?" mama aliuliza. "Kadi si zimefunguliwa?"

Nesi alijifanya anasoma namba kwenye mashine. Mkwe alilikunja blanketi miguuni, akalikunjua, akalikunja tena. "Amefariki alfajiri, mama. Binti yake amepita kuchukua vyeti."

Damu ya mama iliingia kwenye mpira na kutoka.

"Na mimi kila Jumatatu nilikuwa naikasirikia ile redio," alisema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Nani aliyeitengeneza hatimaye?"

Sekunde alikuwa amesimama kwenye mguu wa kitanda. "Yule binti. Miwani."

Lilikuwa jibu la kweli. Aliitengeneza kweli, wiki tatu zilizopita.

"Mungu ampe maisha marefu. Ana mama?"

"Sijui, mama."

"Unafanya kazi na mtu hujui kama ana mama?" Alimnyooshea mkwe mkono ulio huru. "Mwanangu, kwenye sanduku langu kuna mtandio wa zambarau, haujatoka kwenye nailoni. Nilikuwa nauweka kwa siku yangu ya kuzaliwa. Mume wako ampelekee huyo binti. Amwambie umetoka kwa bibi aliyemwokoa."

Mkwe alimwangalia mumewe, akamwangalia sana, kama anavyoangalia mshono kutafuta uzi ulioruka. Akamvuta kwa mkono wa shati mpaka ukumbini.

"Sema."

Akasema. Alisema yote, sifuri, wageni, makofi, ripoti. Hakumficha hata jibu lile la cheti. Watu walipita na ndoo na machela. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, tepu yake akiizungusha kidoleni.

"Mimi ukaniambia niipanguze kadi," alisema.

"Nisamehe."

"Mia moja sitini na tatu. Na wewe ukaniambia niipanguze."

"Nikisema ukweli, mama anarudi benchi."

"Najua! Unadhani sijui? Ningekuwa sijui ningekutemea mate." Alifuta macho kwa kiganja, kwa hasira. "Sitamwambia mama. Usidhani ni kwa ajili yako. Na mtandio utaupeleka mwenyewe, kwa mkono wako, usije ukauacha mapokezi."

Jumamosi Sekunde alipoamka, msumari wa sebuleni ulikuwa na picha ya harusi. Cheti hakuuliza kilipo.

Jumatatu Miwani alikuwa anapanga vitu vyake kwenye boksi la karatasi za printa. Havikuwa vingi: kikombe, sweta, daftari tatu. Barua ya kutoongezewa mkataba ilikuwa juu ya kibodi, imekunjwa mara nne.

Sekunde aliweka mfuko wa nailoni mezani. "Mama yangu amekuletea hiki. Alikuwa kati ya waliofungiwa. Anasema umemwokoa."

Binti aliutazama mtandio, hakuugusa.

"Dakika ziliandikwa ngapi, kaka? Kwenye orodha yako."

Chumba kizima kilikuwa kinaandika, hakuna aliyeinua kichwa. Wale wale waliocheka.

"Sifuri," alisema.

"Nilijua." Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sweta, na bila vile vioo uso wake ulikuwa wa mtoto. "Nimesoma ripoti. Umeandika vizuri. Baba yangu aliposikia aliniuliza, wewe mwanangu ndiye uliyewafungia wazee wa watu? Nikamwambia si mimi. Sijui kama ameniamini."

"Dada, naomba..."

"Usiniombe. Ukiniomba nitapiga kelele, na mimi nahitaji barua ya utambulisho kutoka kwa Mkuu." Aliuchukua mtandio, akauweka boksini chini ya sweta, polepole. "Huu naupokea. Mama yako hana kosa. Anaendeleaje?"

"Miguu imeanza kupungua."

"Mwambie pole." Alibeba boksi, likawa zito kuliko alivyodhani, akalipandisha kwa goti. Sekunde alinyoosha mikono amsaidie. Binti alimzunguka, akapita.

Mama alikuwa amekaa sebuleni, miguu juu ya kigoda, ndala zikimtosha tena. Mkwe alikuwa kwenye cherehani, mgongo kwa mlango. Mama alimsubiri mwanawe avue viatu, akashindwa kuvumilia.

"Umempa?"

"Nimempa, mama."

"Akasemaje?"

Cherehani ilisimama. Mkewe hakugeuka, lakini mguu uliondoka kwenye kanyagio, na saa ya ukutani ikasikika.

"Amefurahi sana, mama," Sekunde alijibu. Sekunde mbili hazikufika.